Umemwagia Zege Choo cha Paka, Sasa Unamlaumu

Mvua za kwanza zikishanyesha Kigoma, wanawake wa mtaani kwangu huanza kuniletea kesi za paka. Mmoja paka wake amekojoa juu ya mswala. Mwingine amekuta kinyesi ndani ya kiroba cha mkaa, na amekigundua kwa mkono, alfajiri, kabla hajawasha taa. Wa tatu ana godoro limesimamishwa uani tangu asubuhi na jua lenyewe limegoma kutoka. Wote wanasema neno lilelile: huyu paka alikuwa na adabu zake, sijui kaingiliwa na nini.

Wananiletea mimi kwa sababu nilikuwa ofisa mifugo. Nilisomea Mpwapwa, nikazunguka na pikipiki vijijini nikichanja ng'ombe na mbuzi, na sasa nimestaafu Ujiji, Mama Mifugo wa kila mtu. Ng'ombe mjini hapa ni wa kuhesabu. Paka wako kila nyumba, maana kila nyumba haikosi gunia la dagaa au debe la unga wa muhogo, na panya wanalijua hilo kuliko sisi. Basi kazi yangu ya uzeeni imekuwa paka, mnyama ambaye chuoni tulimpitia juu juu tukiharakisha kurudi kwa ng'ombe.

Ninachoamini nakisema mapema. Paka aliyekuwa akienda haja mahali pake kisha akaacha, hana kiburi. Halipizi kisasi kwa sababu ulimnyima kichwa cha mgebuka, wala hajatumwa na jirani. Ama mwili wake unamuuma, ama mahali pake pameharibika. Na hapa kwetu siku hizi, mara nyingi aliyepaharibu ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa pesa zake halali, na fundi akalipwa.

Ua wa nyumba ya zamani ya Ujiji ulikuwa udongo mtupu. Palikuwa na mwembe, jiko la nje, kamba ya nguo, na kona ya nyuma yenye udongo tifutifu ambako kuku walioga vumbi na paka alifukua shimo lake. Hakuna aliyemfundisha. Alifukua, akachuchumaa, akafukia, akanusa kuhakikisha, akaenda zake. Watoto wa paka huanza kuparuaparua vitu vilivyolegea wakiwa na wiki tatu au nne tu, hata kama mama yao hayupo wa kuwaonyesha. Asili yao ni paka wa porini wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, ndugu wa yule ambaye bado anawinda kwenye nyika zetu. Mwaka 2007 wataalamu wa vinasaba walithibitisha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana naye, na huko Kipro limefukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka pembeni yake. Kwa muda wote huo tumebadilisha rangi ya manyoya yake na kidogo sana kingine. Miguu yake bado inatafuta kitu kikavu, kilicholegea, mahali penye utulivu.

Sasa angalia ua wa leo. Mwanaume wa Kigoma akipata pesa kidogo anapiga plasta, akizidi anaweka vigae, akizidi tena anamwaga zege au kupanga tofali za pevingi kutoka getini hadi mlango wa jikoni. Siwacheki. Matope ya masika yanachosha, na nimefagia ua wa udongo maisha yangu yote, najua mgongo unavyouma. Lakini ukishamaliza kupanga tofali zako, hesabu kilichobaki ambacho paka anaweza kukifukua. Ni majivu ya jiko, mkaa, chungu cha maua na kapu la nguo za kufua. Kwa kiganja cha paka, mswala wenye manyoya laini uko karibu na mchanga kuliko tofali. Ndiyo maana anauchagua. Na mvua ikinyesha, hata kile kipande cha udongo kilichosalia nje ya ukuta kinakuwa tope, naye tope halitaki, kwa hiyo kesi zangu zinaongezeka na mvua.

Kuna nyumba moja Rusimbi ninayopenda kuitaja, kwa kuwa ilikuwa na kila kitu. Walikuwa wanaoza binti. Kijana wao aliyeko Dar es Salaam akatuma pesa ua wote upangwe pevingi kabla ya wageni kufika, na kweli ulipendeza, hata picha za harusi zilipigwa hapo. Paka wao, jike la kijivu ambalo lilikuwepo kabla ya baadhi ya wajukuu, likaanza na mkaa. Kisha likahamia mswala wa babu. Wakalichapa. Wakalisukumia pua kwenye mkojo, kama watu wengi wanavyodhani ndiyo mafunzo. Likaacha mswala na kuanza kukojoa nyuma ya kabati, mahali ambapo halionekani, jambo ambalo wao waliliona ni ujanja na mimi nililiona ni woga. Paka aliyechapwa akiwa anakojoa hajifunzi kwamba mswala ni mbaya. Anajifunza kwamba kukojoa mbele yako ni hatari.

Juu ya hapo wakamwaga Jik. Chumba kikawasha macho ya watu wote. Mkojo wa paka una amonia, na Jik ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma mapafu, kwa hiyo dawa hiyo isimwagwe kwenye mkojo hata siku moja. Nayo harufu, kwa pua ya paka, inabaki. Anarudi palepale kwa sababu pua inamwambia hapa ni chooni. Kinachofaa ni maji tele, sabuni ya unga, suuza, anika kwenye jua kali, na ukinusa bado, rudia. Mzee wa nyumba hilo la maji tele hakuhitaji kuambiwa. Yeye hakuwa na neno na paka kulala pembeni yake akiswali. Paka si najisi, na kila aliyekaa madrasa amesikia habari za Abu Huraira na paka wake. Mkojo ndio najisi, na mzee alikuwa amechoka kuosha mswala kila alfajiri kwa umri ule.

Nikauliza kimebadilika nini nyumbani siku za karibuni. Mama mwenye nyumba akanijibu, "Hakuna kilichobadilika, Mama Mifugo," akiwa amesimama juu ya pevingi mpya ambayo hata vumbi la saruji lilikuwa halijaisha. Nikainama. Kwenye maungio ya tofali, pale ambapo mafundi hujaza mchanga mwembamba, palikuwa na mikwaruzo ya kucha. Yule paka alikuwa amejaribu. Alikuwa amepita ua mzima akitafuta ufa wa kuchimba.

Tulichukua karai ambalo mafundi walikuwa wameliacha, lile lile la kubebea zege, tukalijaza mchanga wa ziwani uliokaushwa vizuri, kina cha vidole vinne hivi, tukaliweka baraza ya nyuma chini ya paa ambako mvua haifiki. Tukatia humo na kidonge kimoja cha kinyesi chake, apatambue. Mama mwenye nyumba alikunja uso, na nilimwelewa. Kuweka choo karibu na mahali watu wanapokaa ni jambo zito kwetu, ndiyo maana sikusema karai likae ndani. Halikuchukua muda, paka akalikubali. Baadaye kijana aliruhusu tofali chache ziondolewe nyuma ya bafu, mama akapanda mchaichai hapo, na paka akaung'oa mchaichai. Ugomvi huo sikuuingilia.

Watu husema mambo ya beseni la mchanga ni ya Wazungu. Wazungu wenyewe walianzia tulipo sisi, kwenye majivu na mchanga. Majira ya baridi ya 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis jimboni Michigan, mama mmoja aitwaye Kay Draper alikuta rundo lake la mchanga limeganda, na majivu alikuwa ameyachoka kwa sababu paka aliacha nyayo nyeusi nyumba nzima. Akaenda kwa jirani yake Edward Lowe, ambaye familia yake iliuza vitu vya kufyonza mafuta yaliyomwagika viwandani, naye akampa punje za udongo mkavu ajaribu. Zilimfaa. Lowe akajaza udongo huo kwenye mifuko ya ratili 5, akaipa jina na kuiuza senti 65 kila mmoja, na mwisho wake akawa tajiri mkubwa. Kwetu mchanga haugandi. Tunaugandisha wenyewe kwa saruji.

Mchanga, basi, ndio sehemu rahisi. Sehemu inayonikosesha usingizi ni mwili.

Paka dume ana njia ya mkojo nyembamba sana. Ikizibwa na vijiwe vidogo kama chengachenga, au na ute, mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unasimama. Hilo linaweza kutokea ndani ya siku moja au mbili tangu kuziba kabisa. Dalili zake zinafanana na utovu wa adabu kiasi cha kutisha: anaacha mahali pake pa kawaida, anachuchumaa kwenye sakafu ya baridi, kwenye beseni la kufulia, kwenye kona ya sebule, anatoa tone, pengine lenye damu, anahama, anachuchumaa tena. Analia. Anajilamba bila kupumzika. Mkojo umemuuma pale alipozoea, naye anadhani ni pale panapouma, kwa hiyo anatafuta pengine pasipouma. Mwenye nyumba anaona paka anayekojoa ovyo. Mimi naona mgonjwa anayehangaika.

Baba mmoja wa Gungu, dereva wa bodaboda, mtu mwenye huruma kabisa na paka wake, aliona dume lake linajikamua akadhani limefunga choo. Akalinywesha mafuta ya mawese, kijiko baada ya kijiko, maana mkoa huu mawese ndiyo dawa ya kila tumbo. Lilipozidi kulia usiku akalivunjia nusu ya Panadol, kama ambavyo angempa mwanawe. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Hata nusu kidonge kinatosha kuiharibu damu isibebe hewa. Ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Nilipofika hapakuwa na la kufanya. Hakuna karatasi yoyote ndani ya pakiti iliyomwambia habari za paka, na duka la dawa alilonunulia halikuulizwa. Nimeamua kulitaja jambo hili kila ninapopewa nafasi, hata mazikoni, mpaka watu wamenizoea.

Njia ya mkojo ya jike ni pana kidogo, halizibi kirahisi, lakini huumwa kibofu vilevile. Na hapa niwaseme kidogo wenzangu wa taaluma: tuna tabia ya kukidunga oksitetrasiklini kila kinachopumua. Kwa paka wengi wenye umri wa kati wanaokojoa damu, ukipima mkojo hukuti wadudu wala jiwe. Kibofu kimewaka kwa sababu mnyama anaishi kwa mashaka. Daktari Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitumia miaka mingi kulichunguza hilo, na matokeo yake yalikuwa kwamba kumtuliza paka, yaani kumpa mahali pa kujificha, maji, choo safi na ratiba isiyoyumba, kunapunguza ugonjwa wenyewe. Sindano haiwezi kumpa paka mahali pa kujificha.

Maji nayo. Paka ni mnyama wa asili kavu, hahisi kiu haraka, na figo zake hukamua mkojo ukawa mzito. Ukimlisha dagaa mkavu mwaka mzima bila maji pembeni, mkojo huo unazidi kuwa mzito. Loweka dagaa wake, au wachemshe na umpe na supu yake, bila chumvi na bila kitunguu, kwa sababu kitunguu nacho kinaharibu damu yake. Mabaki ya mchuzi wetu wa kawaida yana vyote viwili. Wengi watasema paka wa bibi yao alikula mchuzi miaka kumi. Sawa. Paka wa bibi yao pia alikunywa maji ya kisima, alikula panya, na panya ana maji mengi kuliko dagaa.

Kuna kundi lingine la kesi ambalo watu hawaniletei mimi, wanalipeleka kwa mganga. Mtu anaamka anakuta mlango wa mbele una mkojo unaonuka vibaya, umerushwa kwa kimo cha goti. Kesho yake tena. Usiku paka amelia kama mtoto mchanga dirishani. Hapo mtu anakumbuka jirani aliyemdai, anamkumbuka wifi, na pesa inaanza kumtoka. Ukweli ni kwamba huyo ni shume. Ndani ya nyumba kuna jike limefika wakati wake, shume amelinusa kutoka mtaa wa tatu, na amekuja kuweka saini. Paka anayekojoa kwa haja huchuchumaa na kuacha dimbwi chini. Anayeweka alama husimama, mkia juu ukitetemeka, na kurushia ukutani au mlangoni. Hayo ni mambo mawili, na tiba yake ni mbili. Wa kwanza anahitaji choo au daktari. Wa pili anahitaji kuhasiwa.

Paka huzaa kwa kufuata urefu wa mchana. Ulaya majike hutulia majira ya baridi, mchana unapofupika. Kigoma iko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, mchana wetu haufupiki wala haurefuki kwa maana, kwa hiyo jike letu linaweza kutafuta dume mwezi wowote wa mwaka, mimba ikachukua miezi miwili na siku chache, na binti zake wakabeba mimba kabla hawajafikisha mwaka. Hesabu mashume yanayopatikana hapo. Kuhasi kunawaachisha wengi sana kurusha mkojo, hasa ukiwahi kabla tabia haijakomaa. Lakini kunafanywa na daktari wa mifugo, kwa dawa ya usingizi na kisu safi. Nasema hivi kwa sababu kijana mmoja aliniomba nimwazime burdizo, lile koleo la kuhasia. Burdizo ni ya fahali.

Pamoja na mchanga na mwili kuna utulivu, na utulivu wa paka wa Kigoma umevurugwa sana miaka hii. Mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda likameza sehemu ya fukwe na kuzikuta nyumba za watu. Waliohama walihama na paka wao, wakaingia vyumba vya kupanga juu kidogo, chumba kimoja familia nzima, na paka aliyezoea ufukwe wote kuwa choo chake akajikuta kwenye korido yenye harufu za paka wengine wanne. Halafu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wale paka wa mialoni waliozoea kuokota vichwa vya samaki walipanda mitaani kutafuta chakula. Majike ya ndani yalianza kukojoa dirishani. Kwa mwenye nyumba lilikuwa jambo la ajabu, maana ndani ya nyumba hakuna kilichobadilika. Ila dirishani alikuwa anakaa mgeni kila usiku akitazama ndani.

Kuhusu karai lenyewe nitakuwa mfupi. Liwe pana, urefu wake uzidi wa paka kwa nusu, lisiwe na mfuniko. Paka mzee anaumwa viungo kama sisi, mwekee lenye ukingo mfupi. Lisikae karibu na chakula chake, wala karibu na pampu ya maji, wala mahali mbwa anapoweza kumkuta amechuchumaa. Paka wawili wasilazimishwe karai moja; kila mmoja awe na lake na la ziada likiwezekana. Usinyunyizie manukato. Pumba za mpunga na unga wa mbao vinafaa mchanga ukikosekana, majivu pia, ila utaziona nyayo. Na toa kinyesi kila siku, bila kuahirisha.

Hilo la kila siku lina sababu nyingine. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kimelea kiitwacho toksoplasma, ambacho ni hatari kwa mimba. Mayai yake yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji kati ya siku moja na tano kukomaa. Ukitoa kinyesi kila siku umeyawahi. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, au avae glavu na anawe kwa sabuni, na asidhani akimfukuza paka amepona, maana kimelea hichohicho kinapatikana kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Nimewahi kuona paka anatupwa kwenye kiroba kwa sababu binti amepata mimba, na jioni ileile familia inakula mishikaki yenye damu.

Na kwa kuwa nimeutaja mchanga wa ziwani, niseme na hili kwa ndugu zangu wa Kibirizi. Mchanga mkavu uliosambazwa vizuri, wenye joto la jua, ambao juu yake tunaanika dagaa, ndio mchanga ambao paka angeuchagua kwanza duniani. Wanaotumia vichanja vya waya wananielewa. Wanaoanika chini wana hoja zao, waya ni ghali na dagaa wanakuja wengi kwa usiku mmoja wa giza, lakini paka hawezi kutofautisha mwanikio na choo. Sitasema zaidi, mtu asije akasusa dagaa wa Kigoma kwa ajili yangu. Waoshwe, wapikwe waive.

Najua swali linalonisubiri: watu wana shida ngapi, na wewe mama mzima unaandika kurasa juu ya mkojo wa paka? Ninaandika kwa sababu ya kiroba. Ni njia yetu ya kumaliza kesi. Paka anafungwa kwenye kiroba, anapewa mtoto au dereva wa bodaboda, anaachwa sokoni au mwaloni, na mwenye nyumba anasema kajiokotee. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na kumtelekeza mnyama hakuendani nayo kwa namna yoyote. Lakini acha sheria. Hesabu tu faida. Umemtupa paka aliyekuwa anakula panya wako. Baada ya mwezi panya wamejaa, unaomba mtoto wa paka kwa shangazi, unamleta kwenye ua uleule wa pevingi, naye anaanza na mkaa.

Halmashauri yetu ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji ina watu wa mifugo wenye ujuzi, nimefanya kazi na wa aina yao. Wakati wa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo inamfaa na paka, mezani paongezwe mtu mmoja wa kuuliza paka anakojoaje. Itengwe siku ya kuhasi, kwa bei ambayo muuza dagaa anaweza kuilipa. Wenye nyumba za kupangisha, mnaokataza wapangaji wasifuge paka huku mkilalamikia panya dari nzima, acheni kipande cha udongo nyuma ya bafu la pamoja, kiwekeeni paa la bati moja, mtaona tofauti kabla ya masika kwisha.

Na mwenye dume linalochuchumaa bila kutoa kitu asisubiri Jumatatu ofisi zifunguliwe. Ampigie daktari wa mifugo usiku huohuo, hata kama daktari atanuna.

Mafundi pevingi wa Ujiji nimeshaanza kuwapitia mmoja mmoja. Nawaomba wanapochora ua waache mita moja ya mraba bila tofali, upande wenye kivuli. Wengi wanacheka, wanadhani ni mambo ya uzee. Mmoja tu aliuliza swali la kikazi. "Mama, hiyo mita isiyo na tofali nimtoze mteja kiasi gani?" Nikamwambia amtoze bei ileile, mradi aiache.